Maisha ya kila siku na ugonjwa wa Parkinson: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Niligunduliwa kuwa na ugonjwa huu nikiwa nimebakiza miaka miwili kustaafu ualimu hapa Tanga. Maswali yaliyo hapa chini ni yale ninayoulizwa mara nyingi zaidi, ama na wagonjwa wapya tunaokutana nao kwenye benchi la kliniki, ama na watoto wao, ama na majirani baada ya sala. Mimi si daktari. Mambo ya dozi na ya kubadilisha dawa ni ya kuzungumza na daktari wako, na nitalirudia jambo hilo mahali panapostahili. Ninachoweza kukupa ni namna ya kuipanga siku, kwa sababu ugonjwa huu, zaidi ya magonjwa mengi ninayoyafahamu, huenda kwa saa.

Ugonjwa wa Parkinson ni ugonjwa gani?

Katika sehemu ya chini ya ubongo kuna seli zenye rangi ya weusi ambazo hutengeneza kemikali iitwayo dopamini. Kemikali hiyo ndiyo inayouwezesha ubongo kuanzisha mwendo, kuuendesha kwa ulaini na kuusimamisha pale unapotaka usimame. Kwa watu wenye ugonjwa huu seli hizo hufa kidogo kidogo kwa miaka mingi, na siku mtu anapoona kidole chake kinatetemeka, sehemu kubwa ya seli hizo huwa imekwisha kupotea. Daktari Mwingereza James Parkinson aliueleza ugonjwa huu katika kijitabu alichokichapisha mwaka 1817, na jina lake ndilo lililobaki. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 zaidi ya watu milioni 8.5 duniani walikuwa wakiishi nao.

Dalili kuu za mwendo ni tatu: kutetemeka kwa kiungo kilichotulia, kukakamaa kwa misuli, na uzito wa kuanza na kuendeleza jambo. Watu huona kutetemeka tu kwa kuwa ndiko kunakoonekana, lakini ukiniuliza mimi, uzito ndio mzigo wenyewe. Mkono wangu unaweza kutetemeka pajani wakati wa hotuba ya Ijumaa na usinizuie kitu. Uzito ndio unaonifanya nitumie dakika kumi kufunga vifungo vya shati. Wapo pia wagonjwa wasiotetemeka kabisa, nao mara nyingi huchelewa kugunduliwa.

Je, huu si uzee tu?

Hapana, ingawa wengi wetu tumeambiwa hivyo, tena wakati mwingine na watumishi wa afya. Utafiti uliofanywa katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008, ulipita nyumba kwa nyumba na kuwakuta wagonjwa ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa ugonjwa wao ni upi. Walikuwa wakiishi na jina la uzee.

Dalili yangu ya kwanza niliiona katika daftari la mahudhurio. Jina la mwanafunzi lilianza kwa herufi za ukubwa wa kawaida, na kufikia jina la babu yake herufi zilikuwa zimesinyaa kama mstari wa sisimizi. Nikadhani ni kalamu. Baadaye benki moja ilikataa kunipa pesa zangu kwa kuwa saini yangu haikufanana na ile waliyokuwa nayo, na karani akanitazama kama mtu aliyeokota kitambulisho cha mwingine. Kusinyaa kwa mwandiko ni dalili inayojulikana vizuri kwa madaktari wa mfumo wa neva, sawa na kupoteza uwezo wa kunusa, kufunga choo kwa muda mrefu, mkono mmoja kutobembea wakati wa kutembea, na uso kukosa bashasha hata mtu akiwa na furaha. Ukiona mambo mawili au matatu kati ya haya kwa mzazi wako, mpeleke akaonwe.

Majirani wanasema ni uchawi au jini. Niwajibu nini?

Waambie ni ugonjwa wa ubongo wenye dawa inayopunguza dalili, kisha waonyeshe: wakukute nusu saa kabla ya kidonge na saa moja baada yake. Sijaona hoja yenye nguvu kuliko hiyo. Imani za namna hii zimeenea kwingi. Huko Buganda watu huwa na neno buko, yaani maradhi ya kutetemeka yanayoaminika kumpata aliyevunja mwiko wa heshima kati yake na wakwe, na ndiyo maana shirika moja la wagonjwa nchini Uganda likajiita Parkinson's Si Buko.

Jambo moja huwatisha sana watu wa nyumbani, nalo ni kupiga kelele, kurusha ngumi na mateke usingizini. Mke wangu aliwahi kuamka na jicho limevimba. Hayo hutokea kwa sababu ubongo hushindwa kuufunga mwili wakati wa ndoto, hivyo mtu huitenda ndoto yake, na kwa baadhi ya watu hali hiyo huanza miaka mingi kabla ya dalili nyingine. Mweleze daktari, ondoa vitu vyenye ncha karibu na kitanda, na kwa muda lalieni vitanda viwili bila kuona haya.

Je, unaambukiza? Watoto wangu wataurithi?

Hauambukizi. Kwa wagonjwa walio wengi haurithiwi moja kwa moja, ingawa zipo familia chache ambazo kasoro ya kijenetiki huuleta. Kukaa na viuatilifu vya mashambani kwa miaka mingi kumehusishwa na hatari kubwa zaidi ya kuupata, kwa hiyo anayepulizia dawa shambani na avae kinga.

Kwa nini asubuhi siwezi kusimama, saa nne natembea kama kijana, na saa saba nimerudi nilikokuwa?

Hili ndilo swali kubwa, na anayelielewa jibu lake ameushika ugonjwa huu mkononi.

Dawa kuu ni levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Imekuwa ikitumika tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na hutolewa ikiwa imechanganywa na dawa nyingine, mara nyingi carbidopa, inayoizuia isibadilike kabla ya kufika kwenye ubongo. Ukimeza kidonge, nguvu yake huanza kuonekana baada ya dakika 30 hadi 60 hivi. Katika miaka ya mwanzo ubongo bado una seli za kutosha kuiweka akiba, kwa hiyo mtu hahisi mapengo kati ya dozi moja na nyingine. Miaka ikipita akiba hiyo hupungua, na mwili hubaki ukitegemea kile kilichomo kwenye damu saa ile ile. Levodopa haikai kwenye damu kwa muda mrefu. Ndipo siku hukatika vipande: saa za dawa kufanya kazi na saa za dawa kuisha nguvu. Wengine, dawa inapofika kileleni, mwili huanza kujipinda na kuchezacheza bila hiari. Hilo ni tokeo la dawa na ugonjwa kwa pamoja, na hurekebishwa na daktari kwa kubadilisha kiasi na nyakati.

Nunua daftari la shule la kurasa 40. Gawa ukurasa kwa saa, na kwa siku saba andika vitu vitatu tu: saa uliyomeza dawa, ulichokula na saa uliyokula, na hali ya mwili kwa alama ya N kwa saa njema, M kwa saa mbaya na C kwa saa za kuchezacheza. Daktari mwenye foleni ya watu 60 hana muda wa kusikiliza hadithi ya miezi mitatu, lakini ukurasa huo ataumaliza kuusoma kwa dakika moja na ataweza kukupangia dozi kwa saa zako mwenyewe. Mimi humeza saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana na saa 12 jioni, kwa kengele ya simu, na kidonge cha kwanza hulala kando ya mto na chupa ya maji ili nisilazimike kuinuka nikiwa nimekakamaa. Naamka nikimeze, nalala tena dakika 40, ndipo siku inaanza.

Chakula kina shida gani na dawa?

Levodopa hupita kwenye utumbo mwembamba kwa njia ile ile inayopitwa na protini za chakula, na vyote viwili vikifika pamoja, dawa huachwa mlangoni. Kidonge kilichomezwa juu ya sahani ya maharage, samaki, nyama au glasi ya maziwa kinaweza kuchelewa sana au kisionekane kufanya kazi kabisa. Ushauri wa kawaida ni kumeza dawa nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, au saa moja na zaidi baada ya kula. Vidonge vya madini ya chuma navyo vitenganishwe na dawa hii kwa saa kadhaa.

Hii haina maana ya kuacha protini, kwani mgonjwa wa Parkinson hukonda upesi na misuli yake inahitaji kulishwa. Tunachofanya nyumbani kwetu ni kuihamisha. Asubuhi ni muhogo au chapati na chai ya rangi. Mchana ni wali au ugali na mchicha wa nazi. Samaki na maharage husubiri usiku, wakati sina pa kwenda. Wageni hunionea huruma kwa mchana wangu wa mchicha mpaka wanione nikiwasindikiza hadi barabarani. Kama kidonge kikimezwa tumbo likiwa tupu kinakuletea kichefuchefu, jambo linalowapata wengi mwanzoni, kipande cha muhogo au biskuti kavu kinatosha.

Nikisahau dozi, au dawa ikikosekana dukani?

Ukisahau, meza unapokumbuka ikiwa dozi inayofuata bado iko mbali, wala usimeze mbili kwa pamoja kufidia. Ni afadhali umuulize daktari mapema mpaka wako ni saa ngapi, uuandike.

La pili ni zito zaidi. Dawa hii haiachwi ghafla. Mtu aliyeizoea akiikosa siku kadhaa anaweza kukakamaa mwili mzima, kupata homa kali na kuchanganyikiwa, na hali hiyo inaweza kuua. Levodopa pamoja na carbidopa imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini kuwamo katika orodha si kuwamo kwenye kabati la duka la dawa la wilayani. Kwa hiyo weka akiba ya wiki mbili hadi nne na uinunue upya kabla haijaguswa, mjulishe mfamasia mmoja akujue kwa jina, na ukisafiri, dawa iwe kwenye mfuko wa shati, si kwenye begi linalofungwa juu ya basi. Ikiwa imebaki ya siku chache na hakuna dalili ya kupata nyingine, nenda hospitali kabla haijaisha.

Nimesikia upupu unatibu. Ni kweli?

Una ukweli ndani yake, na ndiyo maana ni hatari kuujibu kwa neno moja. Upupu ule ule unaotuwasha shambani ni mmea uitwao kitaalamu Mucuna pruriens, na mbegu zake zina levodopa halisi, si kitu kinachofanana nayo. Katika tiba za jadi za India umetumika kwa karne nyingi, na watafiti wameupima kwa wagonjwa wasiomudu vidonge, wakiwemo wa Afrika.

Tatizo ni kipimo. Mbegu za shamba hili na zile za shamba la pili hazina kiasi kimoja, na unga unaouzwa kwenye vijichupa sokoni hauelezi kilichomo. Mtu anayemeza vidonge kisha akaongeza unga wa upupu huwa amejiongezea dozi bila kujua ni kwa kiasi gani, na anaweza kupata kichefuchefu kikali, kuanguka kwa shinikizo la damu, kuona vitu visivyokuwepo, au mwili kuchezacheza usitulie. Ikiwa umeshaanza kuutumia, usimfiche daktari kwa kuogopa kugombezwa. Mpelekee na chupa yenyewe.

Kuna dawa ambazo sipaswi kupewa zahanati?

Zipo, na ukurasa huu ukisomwa jibu moja tu, ningependa liwe hili. Baadhi ya dawa za kawaida kabisa huziba milango ambayo dopamini huitumia kwenye ubongo, na kwa mwenye Parkinson huweza kumlaza kitandani ndani ya siku moja. Majina nimeyaandika kama yalivyo kwenye paketi:

- metoclopramide, ambayo wengi huijua kama Plasil, inayotolewa kwa kutapika;
- prochlorperazine, yaani Stemetil, ya kichefuchefu na kizunguzungu;
- cinnarizine, yaani Stugeron, ya kizunguzungu na safari;
- haloperidol na chlorpromazine, zinazotolewa kwa mtu aliyechanganyikiwa au mwenye fujo.

Niliwahi kulazwa kwa malaria katika kituo kimoja ambacho sitakitaja, nikitapika. Nikachomwa sindano ya kuzuia kutapika, na jioni yake sikuweza kugeuza shingo. Muuguzi alinihudumia kwa moyo safi. Hakuna aliyemwambia, na mimi sikuwa na nguvu ya kusema. Tangu siku hiyo nina karatasi iliyopigwa lamineshini ndani ya pochi, pamoja na kadi ya bima, yenye jina la ugonjwa, dawa zangu na saa zake, na majina hayo hapo juu yakiwa kwa wino mwekundu. Nakala moja anayo mke wangu, nyingine mwanangu wa kwanza. Kwa kichefuchefu, domperidone ndiyo inayotumiwa mara nyingi kwa wagonjwa wetu, kwa ushauri wa daktari na hasa kwa kuangalia hali ya moyo. Ukilazwa, sisitiza dawa zako zitolewe kwa saa zako, si kwa mzunguko wa wodi.

Wazee wenzangu waliopewa benzhexol kwa ajili ya kutetemeka wafahamu kwamba inaweza kuleta usahaulifu, kuchanganyikiwa, choo kigumu na mkojo kuzuilika, hasa umri ukiwa mkubwa. Usiiache mwenyewe, uliza kama bado unaihitaji.

Miguu inaganda mlangoni. Nifanye nini?

Kuganda ni pale unapotaka kupiga hatua na nyayo zikakataa, kana kwamba zimekanyaga gundi. Hutokea zaidi mlangoni, kwenye kona, mahali pembamba na pale mtu anapokuharakisha. Anayekuvuta mkono ili akusaidie hukuangusha, kwa sababu kiwiliwili hutangulia na miguu hubaki.

Siri ni kwamba njia ya ubongo inayoendesha mwendo usiofikiriwa ndiyo iliyoharibika, na njia ya mwendo unaofuata alama au mdundo bado inafanya kazi. Ndiyo maana mtu aliyeganda kwenye sakafu tupu anaweza kupanda ngazi bila shida. Mwanangu alibandika vipande vya mkanda mweupe sakafuni mwa ukumbi, vikivuka mlango wa chumba na mlango wa choo, kila kimoja kwa umbali wa hatua. Mimi navuka mkanda, sivuki mlango. Nje hakuna mkanda, kwa hiyo natumia gwaride la JKT. Nasimama, napumua, nahamisha uzito kulia na kushoto, kisha najiamuru kimoyomoyo kushoto, kulia, kushoto, kulia, na goti la kwanza nalinyanyua juu kuliko inavyohitajika. Afande aliyetusumbua kambini miaka ile hakujua alikuwa akinitibu. Wengine hutumia wimbo, wengine uradi. Chochote chenye mdundo kinafaa.

Kugeuka nako kuna namna yake. Usizunguke juu ya mguu mmoja. Zunguka kwa upana kama lori linavyokata kona. Usibebe vitu kwa mikono yote miwili. Kandambili ziage, kwa kuwa huhitaji vidole vishikilie na vidole vyetu vimesahau kazi hiyo; vaa makubadhi yenye mkanda nyuma au viatu vyepesi. Mkeka unaokunjamana mlangoni uondolewe hata kama ni zawadi ya shangazi.

Mazoezi yanasaidia kweli, au ni maneno ya kutuliza moyo?

Yanasaidia, na kwa maoni yangu ndiyo dawa ya pili baada ya levodopa. Fanya wakati dawa inafanya kazi. Kutembea kwa haraka dakika 30 siku nyingi za wiki, kunyoosha mgongo na shingo, kuinuka kwenye kiti mara kumi bila kutumia mikono, na harakati kubwa za makusudi, kwa kuwa ubongo wetu hupunguza kila kitu: hatua, sauti, mwandiko. Ukidhani umerusha mkono mbali, jirani anaona umeusogeza kidogo tu. Ukimpata mtaalamu wa mazoezi tiba katika hospitali ya rufaa, hata kwa ziara mbili, mwombe akupangie ya kufanya nyumbani.

Sauti yangu imefifia na chakula kinanipalia.

Mwalimu aliyezoea kusikika hadi dawati la nyuma kisha akaambiwa na mjukuu wake, "Babu, sema kwa nguvu," anajua uchungu wake. Koo na ulimi ni misuli kama mingine. Zipo njia za kuizoeza, na moja inayotumika sana ilianzia Marekani katika miaka ya 1980, yenye msingi mmoja tu: fikiria unapaza sauti. Mimi huvuta pumzi na kutoa "aaa" ndefu kwa sekunde 15, mara kumi, kisha nasoma gazeti kwa sauti kama vile darasa lina watoto 70.

Kupaliwa si jambo la kuchekea, kwani chakula kikiingia kwenye mapafu huleta nimonia, ambayo ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wagonjwa wetu. Kaa wima, kidevu kishuke kidogo, tonge liwe dogo, maliza kumeza kabla ya kuongea, wala usile chakula wakati nguvu ya dawa imekwisha. Kikohozi cha kila mlo ni sababu ya kuonana na daktari.

Na choo, kizunguzungu, udenda?

Choo kigumu huichelewesha dawa kufika kwenye utumbo, kwa hiyo kukitibu ni kutibu na mwendo. Maji ya kutosha, papai, ukwaju, mboga za majani na kutembea. Visipotosha, daktari ana dawa laini. Kwa choo cha kuchuchumaa, fundi wetu alitoboa kiti cha plastiki katikati na kukikaza juu ya tundu, na ukutani akapigilia bomba la chuma la kushika. Gharama ilikuwa ndogo kuliko ya kuvunjika nyonga.

Kizunguzungu unaposimama ni shinikizo la damu kushuka. Kaa ukingoni mwa kitanda dakika mbili, kunywa glasi ya maji, ndipo usimame; usiku tochi iwe mkononi kabla ya kutoka kwenye chandarua, ambacho kimeangusha watu wengi kuliko ngazi. Kugeuka kitandani kunakuwa rahisi ukitandika kitambaa cha satini sehemu ya kiuno. Udenda hutoka kwa sababu tunasahau kumeza, wala si kwa sababu mate yameongezeka. Kutafuna kitu kidogo hukumbusha koo.

Je, nifunge Ramadhani?

Mgonjwa ameruhusiwa kutofunga, na hilo limo katika sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185. Ambaye ugonjwa wake hautarajiwi kupona hutoa fidia kwa kulisha maskini kwa kila siku. Dozi nne kwa siku haziwezi kubanwa kati ya magharibi na daku bila madhara, na kuziruka mchana kutwa ni hatari niliyokwisha kuieleza. Zungumza na daktari na sheikh wako kabla ya mwezi kuandama. Mwaka wa kwanza nililia. Sasa mimi ndiye ninayepeleka futari kwa familia mbili za mtaani, nikitembea mwenyewe katika saa zangu njema. Sala nayo ina nafasi yake: asiyeweza kusimama husali amekaa, na asiyeweza kukaa husali kwa ubavu.

Mgonjwa wetu amekuwa kimya na hapendi kitu chochote. Amekata tamaa?

Huenda ana sonona, na sonona katika Parkinson si udhaifu wa moyo tu, kwani ugonjwa wenyewe hugusa kemikali za hisia pamoja na za mwendo. Inatibika. Usichanganye, hata hivyo, na uso usio na bashasha: muulize anavyojisikia, usiusome uso wake. Mambo mengine ya kumwambia daktari bila kuchelewa ni kuona watu au wanyama wasiokuwepo, na tabia mpya ya kucheza kamari, kununua ovyo au tamaa ya ngono isiyo ya kawaida, ambayo huweza kuletwa na dawa kama pramipexole na ropinirole. Nyumba zimevunjika kwa jambo ambalo lingerekebishwa kwa kubadilisha kidonge.

Watu wa nyumbani wanisaidieje?

Wasubiri. Kunifunga vifungo huchukua nusu dakika na kujifunga mwenyewe huchukua kumi, lakini hizo kumi ndizo zinazonibakiza mtu mzima. Mke wangu na mimi tumekubaliana: haniongezei mkono mpaka niseme "mama, njoo." Siku za haraka navaa kanzu, isiyo na vifungo vingi. Msaidizi naye apumzike; mwenye kumhudumia mgonjwa kila siku huchoka kimyakimya, na jumamosi moja nje ya nyumba si anasa. Kwenye daladala nabeba kadi ndogo isemayo: "Nina ugonjwa wa Parkinson. Sijalewa. Nipe muda." Makondakta wengi huisoma na kuniinulia mtu kwenye kiti cha mbele.

Kuna tiba ya kuponya? Nitaishi muda gani?

Ya kuponya bado. Upasuaji wa kuweka nyaya ndani ya ubongo hupunguza dalili kwa baadhi ya wagonjwa, lakini ni ghali na hauondoi ugonjwa. Watu wengi huishi miaka mingi baada ya kugunduliwa. Muhammad Ali, ambaye mwaka 1974 alimpiga George Foreman mjini Kinshasa, alitangazwa kuwa nao mwaka 1984, akawasha mwenge wa Olimpiki mjini Atlanta mwaka 1996 huku mkono wake ukitetemeka mbele ya dunia, na akafariki mwaka 2016.

Je, niache kwenda harusini na misibani?

Usiache, ila panga. Binti yangu alipoolewa, kadi iliandikwa saa 9 alasiri, nami nikafurahi, kwani kidonge cha saa 8 kingekuwa kimeshika kufikia wakati huo. Bwana harusi alifika saa 10 na robo. Sheikh akahutubia. Ilipofika zamu yangu ya kumshika mkono na kutamka maneno ya kumwozesha ilikuwa inakaribia saa 11, dawa imekwisha nguvu, na mkono wangu ukaanza kutetemeka ndani ya mkono wake mbele ya msikiti mzima. Kijana akaukaza kidogo, akauweka juu ya goti lake, akasubiri. Nilitamka polepole, kwa sauti ya darasa la watoto 70, na safu ya nyuma ilisikia. Tangu siku hiyo nikiletewa kadi ya mwaliko huangalia saa iliyoandikwa, nikaongeza mbili, ndipo napanga kidonge.